Aliyefuata Njia ya Mtu Aliyepotea

Mimi ni fundi wa makubadhi. Kazi yangu ni ngozi, uzi na mguu wa mtu, na kwa hizo tatu nimejenga nyumba ya ghorofa hapa Kibokoni, Mombasa, ambayo sikurithi hata jiwe lake moja. Shule niliingia nikatoka. Chuo cha Kurani nilikaa zaidi kwa sababu mwalimu alikuwa na fimbo ndefu. Nayasema haya mapema ili mtu asije akadhani naandika habari za Marekani kwa kuwa nimesoma. Habari hizi zilinifuata nyumbani kwangu. Sikuzitafuta.

Alikuwako Mmarekani mmoja wa zamani, askari, aliyetumwa na serikali yake kwenda kutazama milima ya magharibi mwa nchi yao, siku ambazo wao wenyewe hawakuijua. Namjua mtu huyo kuliko ninavyowajua babu zangu wa upande wa mama. Najua alipita wapi, alikula nini, alikosea wapi. Yote nimeyapata kwa mdomo wa mwanangu, kwa simu, na baadaye kwa midomo ya watu waliokuwa wakimtafuta mwanangu.

Mtoto wa kiume ninaye mmoja. Nilimfundisha kazi yangu akaijua, ila kukaa kitako kutwa nzima hakukumkaa mwilini. Akajifunza upishi, akapika kwenye hoteli za pwani, halafu akapata ile bahati nasibu ya makaratasi ya kuishi Marekani. Kabla hajaondoka nikamuoza binti wa marehemu ndugu yangu. Binti huyo nimemlea mimi tangu babake alipofariki, kwangu alikuwa mtoto kabla ya kuwa mkaza mwana. Baba hana, babu hana, ndugu wa kiume hana. Walii wake, msimamizi wa ndoa yake, ni mimi, na mumewe ni mwanangu. Mlango wake wa kuingilia ni mimi na wa kutokea ni mimi. Wakati ule niliona nimefanya jambo la akili, damu imebaki nyumbani, na watu walinisifu nami nikasifika.

Walikaa pamoja muda mfupi, kijana akasafiri. Mpango ulikuwa atangulie, apate pa kukaa, kisha amchukue mkewe. Binti akabaki kwetu, chumba cha juu, akimsaidia mke wangu na kungoja.

Mji aliofikia mwanangu ni mdogo, uko chini ya milima. Alipika katika hoteli ya watu wanaokuja kuteleza juu ya theluji, kwa kupenda kwao. Alikuwa akinipigia akiamka, na saa hizo huku jua linatua.

"Sabalkheri, baba."

"Huko asubuhi, huku magharibi yaingia. Sema masalkheri."

"Masalkheri, baba. Kuna watu hapa wataka kufuata njia ya mtu wa zamani. Kwa miguu, milimani, majira yaleyale ya baridi aliyopita yeye. Wavae kama alivyovaa, wale kama alivyokula."

"Wana adhabu gani?"

"Hawana. Ni historia yao, wanaipenda."

"Huyo mtu alikuwa akitafuta nini?"

"Mto. Alitaka kujua mto mmoja unaanzia wapi na mwingine uko wapi. Akazunguka milimani, akapata mto, akafurahi, akadhani ndio huo wa pili. Akaufuata. Kumbe ni uleule wa kwanza, akajikuta karudi palepale alipopiga kambi zamani."

"Basi alipotea."

"Alipotea, baba. Ila kuna mlima mkubwa huku una jina lake mpaka leo."

"Aliupanda?"

"Alijaribu. Theluji ikamshinda, akarudi."

Nikamwambia, "Hapa kwetu mtu akipotea mtaani watoto humcheka. Huko hupewa mlima." Akacheka mpaka sura yake ikatoka kwenye kioo cha simu, nikawa natazama dari ya chumba chake.

Mimi kilichonishika katika habari ile ni viatu. Mwanangu aliniambia kwamba yule askari na watu wake walikwenda na nguo za kiangazi, wakidhani watakuwa wamerudi kabla ya baridi. Viatu vikawaishia milimani. Wakawa wanakata ngozi mbichi ya nyati na kujishonea, na ngozi mbichi, kila fundi ajua, ikilowa inavuta na ikikauka inabana. Hao watu wa sasa nao wakataka viatu vya namna ile, na katika wote hakuna aliyejua kushika msharasi wa kutobolea ngozi. Mwanangu akawaambia, "Mimi ni mtoto wa fundi." Wakamchukua awe mshonaji wao na mpishi wao njiani.

Nilifurahi sana, siwezi kusema uongo. Nilikwenda barazani nikawaeleza wenzangu. Mzee mmoja mstaafu wa bandari, rafiki yangu na adui yangu wa bao, akaniuliza, "Yaani mwanao kavuka dunia nzima kwenda kushona viatu? Si angebaki hapa kwako, ngozi ni zilezile."

"Zako wewe ndizo zilezile," nikamwambia. "Hizo ni za nyati."

Siku moja kijana akaendelea na kisa chake, nami nikiwa nimeiweka simu juu ya meza ili wote wasikie. Akasema katika wale watu wa yule askari, wengine miguu yao iliungua kwa baridi hata wakashindwa kusimama. Mkubwa wao akawaacha mlimani na chakula kidogo, akawaahidi atawatumia watu. Wakangoja. Walipoona siku zinakwenda, wakampelekea vipande vya mifupa iliyotoka katika vidole vyao vya miguu, ili aone, asiwasahau.

Mke wangu alisema astaghfirullah akatoka. Mkaza mwana alibaki. Akauliza, "Akawarudia?"

"Alituma watu wakawachukue."

"Yeye mwenyewe?"

"Yeye alikuwa kashakwenda mbele."

"Basi wewe ukiachwa huko mimi sitaki kuletewa mifupa," akamwambia. "Njoo na miguu yako." Na kijana akamjibu maneno ya mume na mke, nikainuka kwenda kutawadha.

Wakaondoka. Walikuwa na simu za kuita kwa satelaiti kwa ajili ya hatari, lakini simu za kawaida zilikamata hapa na pale tu. Akipata mtandao alinipigia. Alikonda, ndevu zilikuwa ndefu, sauti nzuri. Mara ya mwisho aliigeuza simu nikaona weupe mtupu, na watu kama nukta nyeusi wakienda kwa mstari mmoja. Nikamuuliza, "Miguu?" Akasema, "Viatu vimekubali, baba." Basi. Mtandao ukakatika na hakurudi tena kwenye simu yangu.

Aliyepiga baadaye alikuwa mtu wa bara, Mkenya mwenzetu anayefanya kazi huko. Mama mmoja Mmarekani, aliyewaongoza wale wa msafara, ndiye aliyemwomba atafsiri. Akaanza kwa upole mno.

"Shikamoo, mzee. Naomba ukae chini."

"Nimekaa. Kazi yangu ni ya kukaa. Sema."

Akasema. Mmoja wao alivimba miguu akashindwa kuendelea. Wakampigia hema chini ya jabali, wakamwachia chakula, wakaita msaada, kisha wengine wakashuka kwa sababu hali ya hewa ilikuwa inageuka. Walipokuwa wakishuka, mwanangu alisema yule mtu chakula alichoachiwa hakimtoshi. Akajaza mfuko wake akarudi juu. Wakamkataza, akaenda. Theluji ikashuka usiku na mchana. Ndege ilipoweza kuruka ilimkuta mgonjwa hemani, hai. Mwanangu hakuwako. Mgonjwa akasema hakufika mtu.

Nikamuuliza, "Huyo wa hemani anaendeleaje?"

"Amekatwa vidole, mzee. Ataishi."

"Alhamdulillahi," nikasema, na sijui kwa nini nilisema hivyo. Nadhani nilitaka mtu mmoja awe amefaidika.

Nilifunga duka. Nilipofika nyumbani habari ilikuwa imenitangulia, maana mji huu habari haipandi ngazi kama watu, hupita madirishani. Wanawake wamejaa. Mikeka imetandikwa hadi ukumbini. Mke wangu analia, na mkaza mwana amevuliwa dhahabu, amewekwa kwenye pembe na kanga kichwani, wanamwandaa awe kizuka, mjane wa kukaa ndani, akae eda. Jirani mmoja alishaanza kuulizia shuka nyeupe ya kumkinga watu wasimwone.

Nikasema, "Nani kafa?"

Mmoja akasimama na mkeka mkononi.

"Nauliza, nani kafa humu? Nani kamwona? Mwanangu kapotea njia. Yule Mmarekani naye alipotea njia na akatoka upande wa pili. Kunjeni mikeka."

Dada mmoja mzee, aliyenijua tangu naokota vipande vya ngozi nyuma ya maduka ya watu, akanijibu, "Wewe na ubishi wako, hata Mungu wataka aje dukani kwako akupe maelezo."

"Kunjeni."

Nikaanza kuikunja mwenyewe. Wakatoka mmoja mmoja. Mkaza mwana alibaki pale kwenye pembe. Nikamrudishia bangili zake mkononi. Alizishika tu, hakuzivaa.

Watu wanaotafuta walisema theluji ikiyeyuka wataona. Nikangoja theluji ya nchi ya watu iyeyuke. Mimi, ambaye sijawahi kuishika, nikawa kila siku nauliza iko wapi sasa, imefika magotini, imebaki kwenye mabonde. Yule mtafsiri alikuwa mtu mwema, alinijibu kila mara. Theluji ikayeyuka. Wakapanda na mbwa. Wakaona kamba, ambayo hawakujua ni ya nani. Majani yakaota, wakapanda tena. Kisha baridi ikarudi, na theluji nyingine ikaifunika njia, na yule mama Mmarekani akaniambia kwa sauti ya kulia kwamba kwa sasa hawatapanda.

Mke wangu alianza kutumaini hapo. Yeye ndiye aliyekuwa akilia siku ile ya kwanza, nami ndiye niliyekunja mikeka. Basi tukabadilishana. Kila nilivyopungua matumaini, yeye yaliongezeka, kama tulikuwa na kapu moja tukinyang'anyana. Akawa anasema kijana yuko kwa watu wa milimani, kapoteza kumbukumbu, wanamlisha. Akaota. Akapeleka sadaka msikitini ya kumwombea msafiri, akakataa iwe ya kumwombea marehemu. Nikimtazama nilikuwa naona maneno yangu mwenyewe yamekaa mdomoni mwake, na siwezi kuyaondoa, maana ni mimi niliyeyaweka.

Na mkaza mwana alipanda na kushuka ngazi. Hajapambwa na hajafunga eda. Harusi za watu haendi, maana mume hajulikani aliko. Matanga ya watu akienda wanamtazama. Wanawake hawakujua wamwambie pole au wamwambie subira.

Alinijia dukani. Hajawahi kuja dukani saa za kazi tangu utoto wake. Nilikuwa na mteja, mama wa Kizingo aliyeacha gari limeziba njia na dereva anapigiwa honi. Nikamaliza naye. Binti akakaa kwenye kibao cha wateja.

"Ami, nataka kukwambia neno, usinikatize."

"Sema."

"Ami, mimi nataka eda yangu."

Nikasema, "Kuna mtu amekuja kukutaka? Mwambie angoje."

"Nimesema usinikatize. Sitaki mume. Kuna watu wameleta maneno, nimewafukuza. Nataka kumlilia mume wangu. Mamangu mkwe kila asubuhi aniambia leo atapiga. Wewe hunambii kitu. Nikilia ndani ya nyumba naambiwa namtakia mabaya. Nalia bafuni, ami, nimefungua bomba. Mpaka lini?"

"Wewe waamini amekufa?"

"Mimi namjua. Asingeniacha hivi akiwa hai."

Nilishika kisu cha ngozi, nikakiweka, nikakishika tena. Nikamwambia, "Nikisema amekufa, nitakuwa nimemzika mimi. Kaburi hakuna, maiti hakuna, ni mdomo wangu tu."

"Na usiposema umenizika mimi," akasema. "Na mimi niko hapa mbele yako wanitazama."

Hakupaza sauti. Angepaza ningemgombeza na tungemaliza.

Tulikwenda kwa kadhi. Mambo ya mume aliyepotea yana kanuni zake. Kadhi alizisoma barua za wale waliomtafuta, akasema ama binti angoje miaka, ama nyoyo za watu wa karibu wa huyo mume ziwe zimekubali kuwa amekufa, washuhudie, naye apime. Alikuwa kijana kwangu, ningeweza kumzaa. Alinisalimia kwa adabu zote, kisha akauliza kama anavyotakiwa kuuliza.

"Mzee wangu, umeiona maiti?"

"Sikuiona."

"Yupo aliyeiona?"

"Hayupo."

"Basi washuhudia kwa nini?"

Nikamwambia, "Mwanangu amezaliwa Mombasa. Alirudi peke yake ndani ya theluji, kabeba chakula cha mtu mwingine. Aliyekuwa akipelekewa hakumwona. Baridi imekuja mara ya pili. Mtu huyu alikuwa hapitishi wiki bila kusikia sauti ya mamake."

"Na moyo wako umekubali kuwa amekufa?"

Mke wangu alikuwa amekaa kwenye benchi nyuma yangu. Alikataa kushuhudia, akaja tu kunisikiliza. Nilimsikia akipumua. Binti alikuwa pembeni, ameinamisha kichwa. Watu wawili hawa, na mdomo mmoja, wangu.

"Umekubali," nikasema.

"Useme kwa ukamilifu, mzee, iandikwe."

"Nashuhudia kwamba mwanangu amekufa."

Kama moyo wangu ulikuwa umekubali kweli, sikuuliza. Mpaka leo sijauuliza. Mtu akinilaumu kwamba nilimdanganya kadhi, nitamwambia aende yeye akasimame pale kisha aje tuzungumze.

Nje mke wangu aliniambia neno moja. "Umemuua." Akatangulia kuelekea nyumbani peke yake, anatembea haraka kuliko nilivyojua anaweza.

Binti akafunga eda yake, miezi minne na siku kumi. Wakamsalia kijana ghaibu baada ya Ijumaa, nikasimama safu ya mbele, mbele yetu hakuna jeneza, sakafu tu. Jioni ile nilimsikia binti juu akilia, kilio cha mtu aliyeruhusiwa, kirefu, cha sauti, hadi jirani wa mbele akafunga dirisha lake kwa heshima. Nilikaa ngazini nikamsikiliza. Nilimwonea wivu. Mimi nilikuwa nimetoa ruhusa ile kwa mwingine, ikabaki hakuna wa kunipa mimi.

Eda ikaisha. Akatokea mtu mwema, mwalimu wa chuo cha ufundi, aliyefiwa na mkewe, mwenye watoto wadogo, anakaa Buxton. Safari hii binti hakumfukuza. Akanijia akasema, "Ami, nikikubali utakasirika?" Nikamuuliza wanawe ni wangapi na wanalala saa ngapi, nikawa nauliza mambo ya kijinga hivyo mpaka akajua nimekubali.

Siku ya nikahi nilikaa mkekani uso kwa uso na huyo mwalimu, mkono wangu katika mkono wake. Ilipasa niseme namuoza binti wa ndugu yangu. Yule aliyefungisha akauliza kwa desturi, mwanamwari au mjane. Kila mtu pale alijua jibu. Wakanisubiri, na yule mstaafu wa bandari, ambaye siku zote ana la kusema, akatazama chini.

"Mjane," nikasema.

"Wa nani?"

Nikasema wa mwanangu. Mkono wa yule mwalimu ulitoka jasho ndani ya wangu, au ni wangu uliotoka. Nikamuoza. Wakasema mabruk.

Mke wangu hakushuka siku ile. Nilimpandishia sahani ya biriani nikamkuta amekaa katika kile chumba cha juu, ametandika kitanda shuka mpya.

"Ushamuoza?"

"Nishamuoza."

"Mwanangu akija?"

"Chumba chake hiki hapa."

"Chumba nakiona. Nauliza mke."

Niliweka sahani chini. Nilikuwa na majibu mengi, ya dini na ya akili, niliyatayarisha tangu kwa kadhi. Nikamwambia ale, chakula kitapoa. Akageuza uso ukutani. Nikaketi sakafuni kando ya kitanda, nikala mimi ile sahani yake, yote, maana nilikuwa na njaa tangu asubuhi, na chini watu walikuwa wakiimba.